Kuku wa Kufungua Mgongo

Mama Tshibola alipoona ni nani anayeingia na blauzi nyeupe ya wauguzi, alivuta kikwembe chake mpaka shingoni akageukia ukuta.

"Mawee! Ni Gracien!"

Gracien naye aliganda mlangoni. Shule ya wauguzi, pale Dilala, iliomba watu wa mtaa waje kuwa wagonjwa siku ya mtihani, wanafunzi wawapime mapafu na moyo. Mama Tshibola alikubali upesi, kwa kuwa kikohozi kilimkalia tangu vumbi la kiangazi lianze, na pia alitaka kumwombea mchumba wa binti yake kutoka karibu. Akianguka leo, Gracien angerudia mwaka, na harusi yake na binti huyo, Abigaëlle, ingengoja. Lakini awe yeye mgonjwa wake! Kwao Kasai, mukwe hata mkono hampi mama wa mke. Wakikutana njiani, mmoja huingia majanini. Leo amtazame mgongo mtupu?

"Bon, tunaanza," alisema Mama Odile, mwalimu mfupi mwenye miwani iliyofungwa kamba. "Unatazama, unagusa, unagonga, unasikiliza. Mi nakuangalia."

Gracien alitazama dari. Aligusa hewa, karibu na bega. Aligonga kitanda. Kisha akageuza uso pembeni, kama mtu anayetoa panya shimoni, akaweka chombo cha kusikilizia juu ya kikwembe. Kikwembe nacho kilikuwa kipya, bado kikavu kama karatasi.

"Pumua, mugonjwa."

Mama Tshibola akavuta pumzi. Gracien macho yakamtoka.

"Madame! Mapafu yote inalia! Kwashakwasha, juu mpaka chini!"

"Nimekufa!" Mama Tshibola alishika kichwa. "Abigaëlle weh! Mama yako anaenda!"

Abigaëlle, aliyekuwa nje, akachomoza kichwa dirishani. Mama Odile aliingiza mkono chini ya kikwembe, akasikiliza mwenyewe kwa muda mrefu, mdomo ukimcheza.

"Umepima kikwembe, tata. Kikwembe haina mapafu. Anza tena, kwenye ngozi. Ukikataa, ni zéro."

"Madame, ni mama mukwe wangu. Mi siwezi."

"Hapa hakuna mukwe. Kuko mugonjwa."

Kijana akaanza kuvua kile chombo shingoni. Jasho lilimtiririka mpaka kidevuni, na Mama Tshibola, akimtazama kwa pembe ya jicho, alihisi moyo wake ukipiga kama ngoma ya Pasaka. Mwaka mzima upotee kwa sababu ya mgongo wake?

"Ngoja, Mama Odile! Kwetu, mukwe akileta kuku, njia inafunguka. Abigaëlle! Kimbia soko!"

"Huu ni mtihani ao ni nini?" Mama Odile alifoka, lakini alivua miwani akaifuta. "Bon. Polycarpe apite mbele. Akimaliza na kuku haiko hapa, imekwisha."

Nje taximoto ilinguruma ikaondoka na Abigaëlle. Polycarpe, rafiki wa Gracien, alimpima mzee wa kitanda cha pili polepole mno. Aligonga kila ubavu kana kwamba anatafuta mlango. Alisikiliza moyo kama mtu anayesikiliza mpira redioni.

"Mutoto," mzee akauliza, "moyo yangu inakuelezea habari gani hiyo yote?"

Watu wakacheka, na katikati ya kicheko pikipiki ikafunga breki. Abigaëlle aliingia mbio, kilemba kimetoka, kwapani kuku mwekundu aliyefungwa miguu kwa kilemba hicho hicho. Gracien alimpokea, akapiga magoti, akamtoa kwa mikono miwili. Mama Tshibola akamweka chini ya kitanda. Halafu akageuka, akateremsha kikwembe mwenyewe.

"Sasa, mutoto wangu, fanya kazi."

Gracien alipasha chombo moto kiganjani kwanza, hilo Mama Tshibola alilipenda. Vidole vikagonga mgongoni: ti, ti, ti, kama bidoni tupu. Chini upande wa kuume, du, kama bidoni yenye maji. Akarudia. Akasikiliza hapo, akahama, akarudi tena. Safari hii hakupiga kelele.

"Madame, moyo iko muzuri, inakimbia tu juu ya kuku. Pafu ya kushoto iko safi. Ya kuume, huku chini, inalia kidogo, kama chumvi kwenye moto."

Mama Odile akasikiliza pale pale. Akatabasamu.

"Ndiyo nilikuwa nangoja uisikie. Umepita. Na wewe mama, unaenda kwa munganga wa hospitali leo hii. Tumeiwahi, dawa itaiweza."

"Amenipata!" Mama Tshibola aliruka chini, akikohoa na kucheka. "Abigaëlle, umesikia? Amenipata!"

"Basi tuchinje kuku," alisema Polycarpe.

"Jaribu uone!" Mama Tshibola alimkumbatia kuku kifuani, akashika njia ya kwa munganga naye. "Huyu hafi. Atataga mayai ya harusi."