Taa ya Juu ya Sinki

Mwalimu alirudi kazini mapema kuliko watu walivyotarajia, na wenzake ofisini wakaanza kunong'ona kabla hajaweka hata mkoba mezani. Huyu mwanamke ana roho ya namna gani? Udongo wa kaburi la mumewe haujakauka, yeye anatafuta chaki. Hawakujua kwamba nyumbani kulikuwa hakukaliki, na kwamba mwenyewe alikuwa hasikii chochote. Tangu siku ile alikuwa amekufa ganzi, kuanzia moyoni hadi kwenye ncha za vidole. Chai ya moto aliinywa kama maji ya mtungi. Pole za watu ziliingia sikio hili zikatokea lile. Machozi hakuwa ametoa hata tone, na hilo nalo likahesabiwa kuwa ushahidi.

Ushahidi wa nini? Hapo ndipo penye kidonda. Mumewe, fundi umeme ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi Taa, alifia jikoni kwa mama yake mzazi, mchana kweupe, akibadilisha holda ya taa iliyokuwa ukutani juu ya sinki. Globu yake ilikuwa imeungua. Alimwambia mkewe azime swichi, na mkewe alipotaka kuzima meni kabisa, ile swichi kuu ya nyumba nzima, akamcheka.

"Ukizima meni, mama atatulilia na friji lake mwaka mzima. Zima hiyo ya jikoni tu, Mwalimu. Nyumba hii niliipiga waya mwenyewe, naijua nje ndani."

Mwalimu akabonyeza. Kwenye kibao cha ukutani kulikuwa na swichi mbili, ya jikoni na ya baraza. Fundi, miguu mitupu, alishika bomba kwa mkono mmoja, akapeleka mwingine kwenye holda. Hata kelele hakupiga.

Mama mkwe alikata shauri siku hiyohiyo: mwanawe ameuawa na mkewe. Si kwa kukusudia, alisema, maana hakutaka kumwonea mtu, ila kwa uzembe. "Aliambiwa azime ya jikoni, akazima ya baraza. Na ni mwalimu wa umeme!" Maneno hayo yalizunguka msibani kuliko hata sahani za chakula. Na kwa kuwa wote waliishi nyumba moja, Mwalimu na mumewe kwenye vyumba vya uani, mama kwenye nyumba kubwa, hapakuwa na pa kuyakimbilia.

Kibaya zaidi, Mwalimu mwenyewe hakuwa na uhakika. Akifumba macho alikiona kidole chake kikibonyeza ya kushoto. Akifumba tena, kinabonyeza ya kulia. Globu ilikuwa imekufa, jua linawaka, hakuna aliyeona kitu kikizimika. Watu walipoingia mbio walibonyeza kila kilichobonyezeka. Basi akabaki na swali moja, analala nalo, anaamka nalo: nimemuua au sikumuua?

Somo la siku hiyo lilikuwa saketi. Alifundisha kwa mazoea, mdomo ukienda wenyewe. Mkondo ni mwendo wa chaji kwenye waya. Volti ndiyo inayozisukuma. Ukinzani ndio unaozikwamisha. Wanafunzi waligawana betri, waya na globu ndogo, wakaanza kuunganisha kwa fujo zao za kawaida. Kundi la nyuma, watundu waliokubuhu, liliweka swichi upande wa pili wa globu, na kundi la mbele likaangua kicheko.

"Mnacheka nini? Wako sahihi," alisema. "Njia ni moja. Ukiikata popote, mkondo unasimama kote. Swichi ikae kabla ya globu au baada yake, globu itazimika tu."

"Hata za nyumbani, mwalimu?" aliuliza msichana mmoja.

"Za nyumbani hapana." Alijibu huku akiandika ubaoni, bila kufikiri, kama alivyojibu miaka yote. "Nyumbani kuna waya wa moto unaoleta umeme, na waya wa nyutro unaokamilisha njia. Swichi lazima ikate waya wa moto. Fundi akikosea akaiweka kwenye nyutro, taa itazimika vizuri tu, wala hutagundua. Lakini umeme bado utakuwa umefika kwenye holda, unasubiri njia ya kwenda ardhini. Mtu akishika pale, njia ni yeye."

Darasa likaandika. Yeye akageuka kufuta ubao, akafika katikati, akasimama. Maneno yake mwenyewe ndiyo kwanza yanamfikia. Aliyasoma ubaoni, yale ambayo hakuwa ameyafuta, kana kwamba yameandikwa na mtu mwingine. Kisha akawapa wanafunzi zoezi, akaomba ruhusa, akaenda nyumbani.

Kwenye sanduku la kazi la mumewe alichukua testa, ile bisibisi yenye kitaa ndani ya mpini, ambacho huwaka ncha ikigusa penye umeme. Akavaa viatu vya mpira. Jikoni alimkuta mama mkwe kwenye kigoda, anamenya vitunguu. Ile holda ilikuwa bado inaning'inia juu ya sinki, hakuna aliyethubutu kuisogelea.

"Unatafuta nini tena hapo?"

"Napima, mama."

"Unapima leo? Siku ya kupima ulikuwa wapi?"

Mwalimu aligeukia kibao cha swichi. Alizima swichi ya jikoni, akagusisha ncha kwenye holda. Kitaa kikawaka. Akaiwasha, akazima ya baraza. Kikawaka. Akazima zote mbili. Kiliendelea kuwaka, chekundu, kidogo, bila haya.

Alikuwa ameota mara nyingi jinsi mzigo huu utakavyomtoka. Alidhani atapiga magoti, au angalau atashusha pumzi. Hakuna kilichotokea. Alichofikiria ni mkono uliofunga zile waya. Ilikuwa kazi ya kwanza ya mumewe, akiwa kijana, kabla hajafundishwa na mtu yeyote, na mama hakuwahi kupokea mgeni asimwonyeshe. Ili Mwalimu ajisafishe, ilibidi uchafu ule ampake marehemu. Alitaka kufunga mdomo, aendelee kusemwa. Si alikuwa hasikii maumivu?

"Mbona kinawaka na umezima?" mama aliuliza. Kisu kilikuwa kimesimama juu ya kitunguu.

Basi akamweleza, polepole, kama anavyowaeleza wanafunzi wazito. Waya wa moto, waya wa nyutro, na swichi iliyowekwa kwenye waya usio wake.

"Kwa hiyo hukukosea swichi."

"Ningezima yoyote, mama, angekufa. Imefungwa hivyo tangu mwanzo."

"Na aliyeifunga..."

"Ndiyo, mama."

Akasubiri kufokewa. Akasubiri kigoda kirushwe. Mama mkwe aliweka kisu chini, akajifuta mikono kwenye kanga, na alipoanza kusema hakumwangalia, aliangalia ukuta.

"Hiyo taa ilikuwa inanipiga. Tangu siku ile ile alipoifunga. Nimezima vizuri, nabadilisha globu, inanipiga mpaka begani. Mwishowe nikawa nafunga kitambaa mkononi."

Mwalimu alishika ukingo wa sinki. Chuma kilikuwa cha baridi, na safari hii aliisikia ile baridi.

"Ulimwambia?"

"Kila siku nilikuwa nakutaja wewe, mwanangu. Naogopa nikinyamaza tu, nitajitaja mimi."

"Mama. Ulimwambia?"

"Ningemwambiaje? Siku ile alikuwa amesimama hapo hapo ulipo, anawasha, anazima, anawasha, anazima, anacheka mwenyewe. Nikasema ngoja afurahi leo, nitamwambia kesho."