Safu ya Baba

Jesse alikuwa na maringo ya kompyuta, na tusimfichie. Tangu arudi Moshi kutoka chuoni, kila aliyemkuta anahangaika kupanga jedwali kwa kubofyabofya alimcheka. Yeye alitumia tbl, programu ndogo ya amri za kuandika. Unaandika maneno yako, kila safu unaitenga na mwenzake kwa kitufe cha tab, unatoa amri moja kwenye skrini nyeusi, na jedwali linatoka limenyooka, tayari kwa kupigwa chapa.

Basi Gladys, katibu wa usharika wao kule mlimani, alipomletea majina ya watoto wa kipaimara ayapange kwenye kijitabu cha ibada, aliyapokea kwa madaha. Safu zilikuwa nne: mtoto, mama, baba, na mzee wa kanisa wa mtaa wao. Kwenye mstari wa Dainess, binti wa Magdalena, Gladys alikuwa ameweka kistari mahali pa baba.

"Dada Gladys, kistari hiki kinachafua kazi," Jesse alisema, akakifuta kwa amri. Amri ile ikafuta na tab iliyokifuata.

"Hukagui?"

"Tbl haikosei, dada."

Na kweli haikukosea. Ilipewa majina matatu, ikayapanga kwenye safu tatu za kwanza.

Jumapili, kabla watoto hawajawekewa mikono, minong'ono ilianzia kwenye mabenchi ya kina mama. Jesse akafungua kijitabu. Mkabala na jina la Dainess, chini ya neno Baba, palisomeka Eliudi. Mzee Eliudi, mzee wa kanisa wa mtaa wa kina Dainess, mwenye mke na wajukuu, alikuwa amekaa mbele kabisa na suti yake. Mkewe alikuwa amesogeza kijitabu karibu na macho, anasoma upya.

Aibu ilimshika Jesse mpaka masikio yakawaka. Lakini aliyemwonea huruma kwanza ni yeye mwenyewe, kwa sababu jina lake lilikuwa kwenye ukurasa wa nyuma kama mpangaji wa kijitabu. Akamwendea mchungaji, akaomba kipaza sauti.

"Bwana asifiwe. Jamani, Mzee Eliudi hahusiki kabisa. Ni tab imefutika. Huyu Dainess hana baba, nafasi yake ilikuwa wazi, ndiyo maana jina la mzee likasogea pale."

Mzee Eliudi akashusha pumzi, na mkewe naye. Hapo ndipo Jesse aliposikia alichokisema. Dainess aliinuka na gauni lake jeupe, akapita katikati ya mabenchi kichwa kimeinama, akatoka nje. Magdalena akamfuata.

Jesse naye akatoka mbio. Aliwakuta nyuma ya kanisa, karibu na sufuria za machalari, ndizi za nyama za sherehe. Wapishi waliacha kukoroga.

"Shikamoo, mama," alisema kwa sauti ya chini. Magdalena hakuitikia. Alikuwa anamfuta mwanawe machozi kwa ncha ya kitenge.

"Mama Dainess, naomba unisamehe. Sikukusudia."

Magdalena akamtazama, kisha akatazama kipaza sauti alichosahau kukirudisha, bado kiko mkononi.

"Mbona sasa unanong'ona?" akamwuliza.