Tamasha Lililokosa Marehemu

Mwalimu Isidori Werema alikuwa na kidole. Watu wote wana vidole, sawa, lakini cha Isidori kilikuwa na kazi yake. Kwaya ikishuka, ikipanda, ikichelewa hata kwa pumzi moja, kidole cha shahada cha mkono wa kulia kilinyanyuka chenyewe, na mwimbaji aliyekosea akajua amekwisha. Kanisani, harusini, kwenye mahafali, kidole hakikuchagua. Pale Kitaji mpaka leo wanasimulia jinsi kilivyonyanyuka kwenye mazishi ya mke wake mwenyewe, Justina. Jeneza lilikuwa limeanza kushushwa kaburini, Enoka wa sauti ya tatu akateleza, na Isidori akasimamisha kwaya nzima. "Sauti ya tatu, rudini mwanzo wa mstari." Vijana wa kamba wakabaki wamelishikilia jeneza nusu njia, mishipa imewatoka shingoni, mpaka sauti ya tatu ilipokaa sawa. Siku ile hakudondosha hata chozi. Wambea walisema ana roho ngumu. Hawakumwelewa, mwenzao alikuwa kazini.

Mtu wa namna hiyo ndiye aliyepewa jukumu la kumpima Stellah.

Stellah alikuwa mwanafunzi wake. Isidori ndiye aliyemfundisha kusoma nota za muziki, kwa kugonga rula kwenye dawati, kabla binti hajaenda Ulaya kusomea muziki na kurudi na nywele fupi na cheo cha Mkurugenzi wa Tamasha la Muziki wa Klasiki. Tamasha lilikuwa na jioni tatu: Musoma, Bunda na Butiama. Mwenyekiti wa kamati na mfadhili mkubwa alikuwa Nicolaus, mfanyabiashara wa dagaa pale Mwigobero, mtu mwema, ambaye kuhusu muziki alijua jambo moja tu, kwamba watu wakipiga makofi mambo yanaenda vizuri.

"Mwalimu, mimi hii miziki ya wafu wa Ulaya siisikilizagi," alimwambia Isidori. "Wewe hudhuria jioni zote tatu. Halafu utwambie huyu binti amechagua nyimbo vizuri au ametuharibia. Ukisema aondoke, mwakani tunatafuta mwingine. Neno lako ndiyo la mwisho."

Isidori aliitikia kwa unyenyekevu mkubwa, na moyoni alikuwa ameshamfukuza Stellah. Sababu ilikuwa moja na ilimkereketa kooni kama mwiba wa sato. Miaka mingi iliyopita alitunga zaburi ya sauti nne, kazi yake pekee aliyoiona imekamilika, na ratiba ya tamasha ilipobandikwa aliisoma kutoka juu hadi chini, kisha kutoka chini hadi juu, asiione. Wajerumani walikuwemo. Waitaliano walikuwemo. Hata Mfini mmoja alikuwemo! Werema wa Kitaji, hakuna.

Jioni ya Musoma ilimpa raha asiyostahili Mkristo. Stellah alifungua kwa kipande kirefu cha fidla nne, chenye vituo vingi vya ukimya katikati, mbele ya watu waliotoka makazini na hawajala. Kila fidla ziliponyamaza, ukumbi mzima ulipiga makofi na kuinuka kutafuta mlango. Fidla zikaanza tena, watu wakarudi kukaa, huku wakiombana radhi kwa kukanyagana. Walipofika kituo cha mwisho, ambacho kwa kweli kilikuwa mwisho, hakuna aliyethubutu kuinuka. Wakakaa wanatazamana na wapigaji mpaka Nicolaus akauliza kwa sauti, "Bado?"

"Unafunguaje tamasha kwa kimya?" Isidori alimnong'oneza. "Watu wa Musoma wafungulie kwa sauti. Kimya wape wakishashiba."

Bunda ilikuwa mbaya zaidi, Mungu ambariki huyo binti. Kipande laini kuliko vyote katika ratiba nzima, wimbo wa kunong'ona, sauti za kina mama peke yao, Stellah aliupanga Bunda, kwenye ukumbi ulio kando ya barabara kuu ya kwenda Sirari. Malori yalikuwa yanapishana. Kwaya ilifungua midomo, lori likapita; kwaya ikafunga midomo, lori likaisha. Kuna watu mpaka leo wanaamini ule ulikuwa mchezo wa kuigiza. Isidori alitoka pale ameridhika kabisa, anajipangia maneno ya hukumu yake: mkurugenzi anajua muziki, hajui mahali.

Ikaja Butiama.

Stellah alikuwa ameiwekea Butiama kazi kubwa kuliko zote, misa ya wafu ya Kilatini, ya wapigaji wote na kwaya tatu zilizounganishwa kuwa moja, Enoka wa sauti ya tatu akiwemo. Aliwavika waimbaji nguo nyeusi, kama walivyofanya huko alikosoma. Turubai likafungwa kwenye uwanja wa kanisa, viti vya plastiki vikapangwa, vipaza sauti vikaelekezwa vijijini ili na walio mashambani wafaidi. Saa kumi jioni kwaya ikaanza kumwombea marehemu pumziko la milele.

Kwa dakika za mwanzo palikuwa na wageni kutoka mjini tu. Kisha akatokea mama mmoja na mzigo wa kuni kichwani. Akautua pembeni ya turubai, akajifunga khanga kiunoni, akaketi chini. Wakafuata wawili na ndoo za maji. Wakaja wengine na unga, na kuku, na sufuria ya ukubwa wa kuogeshea mtoto. Wanaume nao wakafika, wakakaa upande wao, wakaanza kuwasha moto. Kila aliyeingia alipita mstari wa mbele akiwapa wageni mkono: "Poleni. Poleni sana." Nicolaus, kwa adabu, alijibu, "Tumeshapoa."

Bibi mmoja, Gati, alikuja kuketi kando ya Isidori. Ni yeye aliyeitisha kijiji. Alikuwa kwenye mihogo yake aliposikia Kilatini kile, na alikitambua.

"Hii walikuwaga wanaimba zamani, mapadri wakifa," alisema. "Nikajua huyu leo ni mkubwa. Marehemu ni nani, baba?"

"Shikamoo, mama. Hakuna marehemu. Hili ni tamasha."

"Marahaba. Nani amekufa?"

"Hajafa mtu, mama. Wanaimba tu."

Gati aliwatazama waimbaji, weusi tupu kuanzia shingoni. Akalitazama turubai. Akazitazama kuni.

"Mmevaa hivyo, mnalia hivyo, na hajafa mtu?" alisema polepole. "Baba, kuni zikishafika msibani hatuzirudishagi. Sasa sisi tutamlilia nani?"

Sehemu ya kwanza ya misa ikaisha. Stellah alisimama mbele ya kwaya, fimbo mkononi, anageuka kuangalia moshi uliokuwa unaingia turubaini, na uso wake ulikuwa wa binti wa darasa la nne aliyesahau rula nyumbani. Isidori aliujua uso ule. Nicolaus naye aliruka kutoka kitini na kumjia mbio.

"Mwalimu, hii ni aibu! Tumewadanganya watu msiba! Sema neno nizime vyombo sasa hivi, na huyu binti tumalizane naye hapa hapa."

Hapo ndipo Isidori alipokuwa anapangoja tangu ratiba ilipobandikwa. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Lakini bibi alikuwa amemkazia macho, bado anasubiri jibu lake, na jibu likatoka kabla ya lile neno.

"Justina," alisema.

"Nani wako?"

"Mke wangu."

"Alifariki lini?"

"Mwaka juzi."

Gati hakucheka, wala hakushangaa. "Na hujamlilia."

"Sikupata nafasi, mama. Nilikuwa naongoza kwaya."

Bibi aliinuka, akawageukia wanawake wenzake. "Jamani! Marehemu ni Justina, mke wa huyu baba!" Na kilio kikapanda, kilio cha watu wanaojua kazi yao, mpaka mpiga fidla mmoja akadondosha upinde.

"Mwalimu!" Nicolaus alimshika bega. "Nizime?"

"Kaa chini, Nicolaus," Isidori alisema. "Tuko msibani."

Stellah akainua fimbo. Kwaya ikaingia na wanawake wakaingia nayo, Kilatini huku na Kizanaki kule, na ajabu ni kwamba vilikaa pamoja. Isidori alisikiliza. Alijua sehemu inayokuja, na alijua nani atakosea. Enoka alipanda ngazi ile ya sauti ya tatu, akafika juu, akateleza, vilevile kama kaburini. Kidole kikaanza kunyanyuka. Gati, akidhani baba wa watu anatafuta pa kushika, akaudaka mkono mzima, akaubana mapajani kwake. Kidole hakikuwa na pa kwenda. Na Isidori Werema, mbele ya kamati, wafadhili na kwaya tatu alizozifundisha mwenyewe, akalia kwa sauti, bila mpangilio wowote, kamasi zinamtoka.

Baada ya misa watu walikula. Kuku walitosha kiajabu, ugali ukabaki. Nicolaus alikuja na sahani yake, macho mekundu, kwa sababu moshi ni moshi.

"Sasa, mwalimu, niwaambie nini wajumbe?"

"Waambie Musoma ilikosewa. Bunda ilikosewa vibaya mno. Na zaburi yangu haimo, hilo nalo waambie, ni kosa." Akatafuna kwanza. "Aendelee."

Stellah alikuwa nyuma yao, amesikia. Akaja kuchuchumaa karibu na kiti cha mwalimu wake, fimbo bado mkononi kana kwamba ameisahau.

"Asante, mwalimu. Lakini najua ulisikia. Enoka alishuka, pale pale anaposhukaga siku zote."

Isidori aliufuta mdomo wake. Enoka mwenyewe alikuwa amesimama pale karibu, sahani mkononi, hatafuni, anakiangalia kile kidole.

"Enoka?" alisema Isidori. "Mimi sikusikia kitu."