Bibi Aliyepona Kwenye Fomu

Barua ilifika Jumatatu, na kwa mujibu wa barua hiyo Bibi alikuwa amepona. Aliyeshangaa kuliko wote ni Bibi mwenyewe.

"Nimepona lini?" akauliza, mguu wake wa kushoto ukiwa juu ya kigoda, bandeji imelowa. "Mbona hamkuniambia nishangilie?"

Mjukuu wake, fundi aliyeweka cherehani sebuleni ili amwone Bibi, na Bibi naye amsimange kwa karibu, aliisoma barua mara ya pili. Ofisi ya ustawi ilikuwa imemfuta Bibi kwenye orodha ya wazee wanaotembelewa na muuguzi. Hapo Fundi utani ukamwisha. Kile kidonda cha sukari kilisafishwa kila Jumanne na Ijumaa, na daktari alishasema bila kumung'unya maneno: kikiachwa, mguu utakatwa.

Akajaribu kukisafisha mwenyewe. Kwa kola na vifungo ana mkono mwepesi. Kwa kidonda alivuta bandeji kama anayefumua mshono.

"Mume wangu," Bibi akamwambia huku ameuma meno, maana ndivyo alivyomwita tangu akiwa kwenye nepi, "unasafisha ama unapiga pindo?"

Alhamisi kidonda kikaanza kunuka. Ijumaa asubuhi Fundi akafunika cherehani, akaenda ofisini.

Karani hakuwa mtu mbaya. Alifungua faili, akaigeuza fomu Fundi ajisomee. Hali ya afya: nzuri. Usingizi: mzuri. Miguu: salama. Anaishi na nani: mume.

"Mume gani? Babu alifariki nikiwa darasa la pili!"

"Mimi nimejaza alichosema. Nilimuuliza unaishi na nani, akasema na mume wangu, yule pale anashona."

"Yule pale ni mimi!"

Karani akamtazama juu mpaka chini, akarudi kwenye fomu. "Hapa pameandikwa miaka themanini na moja."

"Yeye huyo. Na mume je?"

"Umri wa mume fomu haiulizi."

Kicheko kikatoka meza ya dirishani. Pale alikaa mtafiti wa mila na desturi, ambaye ofisi ilikuwa imemleta achunguze muujiza mmoja: tangu fomu mpya ianze, miezi mitatu tu, nusu ya wazee wa mtaa walikuwa wamepona.

"Wawili walipona, tukawazika," alisema, na sasa hakucheka. "Nipeleke kwa Bibi. Nataka nisikie anavyojibu salamu."

Aliingia bila fomu. Akatoa shikamoo, akapewa marahaba yake, akakaa.

"Habari za afya, Bibi?"

"Nzuri."

"Na usingizi?"

"Mzuri, namshukuru Mungu."

Kisha yule mtu akanyamaza. Fundi alitaka kudakia, aseme yote kwa niaba ya ukoo mzima, lakini mtafiti akamkata jicho. Kimya kikakaa sebuleni kama mgeni wa pili. Bibi akavuta upande wa khanga. Akakohoa kidogo.

"Nzuri tu," akarudia. "Ila huu mguu, mwanangu."

Loo! Ila hiyo ilikuwa na watoto na wajukuu. Ila mguu unawaka kama umewekewa pasi. Ila usingizi wenyewe ni wa kudonoadonoa. Ila kwenda chooni nahesabu hatua, na huyu mume wangu akinishika naona haya. Mengine Fundi aliyasikia kwa mara ya kwanza, kichwa chini, akiizungusha futi yake ya kupimia kidoleni.

"Mbona haya hukumwambia karani?" mtafiti akauliza.

"Ningemwambia!" Nusura Bibi akasirike. "Mtu kanijulia hali, nimmwagie vidonda mlangoni kama sikulelewa? Kwanza nzuri, halafu ndiyo mengine. Sasa yeye, nikisema nzuri tu, keshageuza ukurasa."

Hapo ndipo mtafiti alipotoa daftari. Aliuliza kwa nini nyingi mno hata kabla hajaaga Bibi alishambatiza jina: Kwanini.

Kwanini aliandika barua jioni ileile, na Jumanne muuguzi akabisha hodi. Alifungua bandeji, akanusa, akamtazama Fundi. "Mngechelewa wiki moja tu..." Akaomba maji ya moto. Fundi alipotoka na sufuria alipita uani, akajipangusa uso kwa kipande cha kitambaa cha mteja.

Kwanini naye alimchukua karani, wakairudia nyumba moja baada ya nyingine. Karani alilalamika kwamba benchi zinaumiza. Nyumba ya tatu ilikuwa ya babu mmoja aliyekuwa "mzima kabisa" kwenye faili. Karani alikaa, akangoja, akasikia. Alipotoka hakulalamikia benchi tena. Fomu ikabadilishwa: salamu kwanza, kalamu ikiwa mfukoni.

Ilichukua miezi minne kidonda kufunga. Siku hiyo Bibi akavaa viatu vyote viwili, akatangaza kwamba anakwenda ofisini kushukuru.

"Tutapiga simu, Bibi."

"Simu ina mguu?"

Walipumzika njiani mara tatu. Ofisini karani aliruka na kiti.

"Kiti nimekikalia mwaka mzima, baba. Niache nisimame."

Akaishika mikono ya Kwanini kwa mikono yake yote miwili. Hotuba aliyoiandaa njiani, tena ndefu, ikampotea. "Asante, mwanangu," akasema. Akarudia.

"Bibi, mimi nilikaa tu."

"Basi Mungu asikunyime pa kukaa."

Bibi akamgeukia karani. "Na wewe, asante. Ulikubali kurudi."

Karani alikuwa bado amekishika kile kiti, hajui akiweke wapi.