Wimbo wa Hoyt

Jumapili, tarehe 9 Juni 1974, watu walijaa katika kanisa dogo la mbao, kaskazini mwa Alabama, kwa uimbaji wa kila mwaka. Waliketi pande nne wakitazamana, na katikati wakaacha nafasi ambamo kila kiongozi husimama kwa zamu na kuongoza kwa mkono. Zamu ya kuwaimbia marehemu wa mwaka ule ilikuwa ya Ozella Tidwell. Mumewe, Hoyt, alizikwa mwezi Machi, na tangu siku hiyo Ozella hakuwa ameimba hata neno moja. Alitaka kimoja tu: kuufikisha mwisho wimbo wa Hoyt, ule alioupenda kuliko zote.

"Ukianguka, wifi, usiniangukie mimi," alinong'ona Vonceil, dada yake Hoyt. "Magoti yangu hayakubebi wewe na mikate uliyokula asubuhi."

"Mikate yenyewe ni yako. Migumu kama soli ya kiatu."

Ozella akasimama katikati, akainua mkono. Kama ilivyo desturi, waliimba kwanza majina ya noti, fa, so, la, bila maneno. Walipokaribia kuyaanza maneno, macho yake yakatua upande wa besi, wenye sauti nene, kwenye kiti cha Hoyt. Kilikuwa kitupu. Pumzi ikamkatika. Mkono ukabaki hewani, haupandi wala haushuki.

Mkono wa kiongozi ukisimama, wimbo nao husimama. Vonceil alijua kwamba wimbo ukifa sasa, wifi yake hatauanza tena kamwe. Basi akarudia majina ya noti kwa sauti kuu, akipiga mguu sakafuni. Waliokuwa karibu naye wakamfuata, kisha besi. Wakazirudia noti zile tena na tena. Aliyeishiwa pumzi alinyamaza kidogo, akavuta nyingine, huku jirani yake akiushikilia wimbo.

"Pumua kwanza, Dada Ozella!" mzee mmoja wa besi akapaza sauti. "Kuku wa chakula cha mchana wamekwisha kukaangwa, hawatakimbia."

Ozella akacheka huku machozi yakimtoka, na kwa kicheko kile hewa ikamwingia kifuani. Mkono ukashuka. Akayaanza maneno, akaimba hadi mwisho.

Alipoketi, Vonceil alikuwa akijipepea. "Umetuzungusha kama nyumbu anayezungusha kinu cha kukamulia miwa."

"Nilikuwa napumua, wifi," akasema Ozella, akamshika mkono, asiuachie.

Nawe uliyesoma, msomee hadithi hii jirani yako aliyefiwa, naye amsomee mwingine.