Kifuniko cha Sanduku la Spana

Mimi magari yanayonukia manukato yananitia kichefuchefu. Lori la kukokota vifaru vilivyolipuliwa linanuka dizeli, matope, na kitu kingine ambacho sikitaji mbele ya watu wanaokula. Nalijua, maana vitani kule Italia nililala chini ya lori la namna hiyo miaka miwili. Hili la Bwana Mossop, muuza mazulia, lilinukia saluni. Ptuu!

Ilikuwa Agosti, mwaka 1987, kwenye maonyesho ya magari ya vita hapa kwetu Lincolnshire, na mimi ndiye jaji. Mossop alikuwa amevaa sare ya sajenti, yeye ambaye vita viliisha hajaota hata meno. Kando ya lori alisimamisha ubao wa historia: Ufaransa, vifaru kumi na vinne, risasi kama mvua. Uongo mtupu, na watoto walikuwa wakiusoma huku wakilamba aiskrimu.

Nikiwa nachungulia winchi akaja mama mmoja, Hester Pallister, mkoba ameukumbatia kifuani. Aliona picha ya lori gazetini, akaitambua namba ya mlangoni.

"Samahani, bwana," akamwambia Mossop, "naomba unifungulie sanduku la spana. Nataka kugusa kifuniko, upande wa ndani."

"Mama yangu, hapa hakuguswi kitu. Rangi hiyo ni mboni ya jicho langu."

Hester akatoa barua, akanipa mimi. Dereva wa lori hilohilo, namba yake ikiwa imeandikwa juu ya barua, ndiye aliyemwandikia mama yake Hester mwaka 1944. Baba yake alikuwa mpiga mzinga, akaungulia ndani ya kifaru. Dereva aliandika: "Tulichokitoa kilienea kwenye ndoo. Tulikizika kando ya barabara, kesho yake barabara ikapigwa mabomu, kaburi likapotea. Lakini kila tunayemtoa tunaligonga jina lake kwa tindo, nukta kwa nukta, ndani ya kifuniko cha sanduku la spana. Mumeo ni wa tano. Ukimtafuta, yuko hapo."

"Sina pengine pa kwenda kumwamkia," Hester akasema.

Nikamwamuru Mossop afungue. Ndani palikuwa kijani kitupu, laini kama sahani. Hester akapitisha vidole juu, akapitisha chini, akarudi tena juu. Hakukuwa na herufi hata moja.

Damu ikanichemka. "We mwanaharamu! Umekwangua majina ya marehemu?"

"Majina?" Mossop akauliza. "Mzee Birkett, mimi niliona vishimo tu. Nikasaga kwa mashine, nikaziba kwa puti, nikapiga msasa, nikapaka rangi mara nne."

"Na ni mjinga gani aliyekutuma?"

Mossop akageuka. Alipanda kwenye kibanda cha dereva, akarudi na karatasi ya alama ya mwaka uliotangulia. Kwetu kila gari huanza na alama mia, halafu jaji anapunguza kwa kila kutu, kila mbonyeo, kila mkwaruzo. Mwaka huo Mossop alikosa kombe kwa alama mbili. Chini kabisa palikuwa na mwandiko ambao mke wangu huuita michakuro ya kuku: "Kifuniko cha sanduku la spana, ndani: vishimo. Toa mbili."

Nikakumbuka. Nilikuwa nimepiga magoti, tochi mdomoni, nikapapasa pale kwa haraka kwa sababu chai ilikuwa inapoa. Mimi, niliyetoa watu vifaruni kwa mikono yangu hii, nilipapasa nikaona kasoro.

Hester alikuwa ameisoma karatasi akichungulia begani kwangu. Nilingoja anitukane, na laiti angenitukana.

"Kwa hiyo wewe ulimgusa," akasema taratibu. "Kwa mkono upi?"

Nikamwonyesha kidole gumba cha kulia, cheusi kwa grisi. Akakishika kwa mikono yake miwili, akafumba macho, wala hakukiachia upesi. Nami nilisimama pale na beji yangu ya ujaji.