Mkanda Kwenye Droo

"Nimeshakwambia, mama, huo mkanda ni kielelezo. Hautoki!"

"Kielelezo cha nini, afande, na lebo yako inasema mliuchukua hapahapa kaunta, Jumanne saa nne asubuhi?"

Sajenti aliigeuza lebo ikalala kifudifudi. Ripoti, kwa mwandiko uleule, ilisema mahabusu alijinyonga selo usiku wa Jumanne hiyohiyo kwa mkanda wake mwenyewe.

Mahabusu alikuwa amesimama nyuma ya mama yake, mkono wa kushoto umeshika suruali isidondoke. Alikuwa fundi bomba. Alikuwa na siku kumi na moja tangu afe, na kila jioni alirudi nyumbani kula. Majirani hawakuwa na neno naye, ila walilalamika kwamba koki anazofunga kwa mkono mmoja zinavuja.

"Simama wima mbele ya afisa," sajenti alimwambia.

"Suruali itaanguka, afande."

"Si huyo hapo?" mama alisema. "Muulize basi. Alijinyonga?"

"Marehemu hatoi maelezo, mama. Ndio utaratibu." Akamsukumia fomu. "Tusichoshane. Saini hapa kwamba mkanda ulikutwa selo, shingoni kwake, uondoke nao."

Mama alivaa miwani akasoma mpaka chini. Ulikuwa mkanda mzuri, wa ngozi hasa. Alimnunulia mwenyewe siku alipofaulu mtihani wa ufundi. Kijana alibadilisha mkono tu.

"Nisaini uongo na miwani nimevaa?" mama alisema. "Kaa nao."

Akachomoa mkanda wa mkoba wake, akauzungusha kiunoni mwa mwanawe, akapiga mafundo mawili. Kijana akakunjua vidole kimoja kimoja.

Walipogeuka kuondoka, mama aliwaona wanaume wanne kwenye benchi la kungojea, kila mmoja ameshika suruali yake.

"Nanyi mnangoja nini hapa?"

"Mikanda, mama," alijibu mmoja. "Mimi ni tangu mwaka juzi."

"Inukeni. Nyumbani nina kamba ya kuanikia nguo, itawatosha wote."

Sajenti aliandika kitabuni kwamba ndugu wa marehemu hawakujitokeza, akaurudisha mkanda kwenye droo. Wale wanne waliinuka, wakamfuata mama na mwanawe kwa mstari hadi nje, na askari wa barabarani akasimamisha magari ili wapite.